Buriani ya Mwanafunzi: Namna ya Kuagana na Marafiki wa Ujerumani

Kila mwaka, masomo yanapofungwa katika vyuo vikuu vya Ujerumani, wapo vijana wa kwetu, wa Dar es Salaam na Unguja, wa Nairobi na Mombasa, waliokwenda huko kwa miezi mitano au sita kusoma kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi au kujifunza kazi, ambao hujiona ghafula wamebakiwa na majuma mawili ya kumaliza mitihani, kufunga mizigo, kurudisha funguo, na kuagana na watu ambao siku walipofika hawakuwajua hata kwa jina. Mizigo hufungwa, maana shirika la ndege lina mizani. Funguo hurudishwa, maana mwenye nyumba ana mkataba. Lakini kuagana, jambo lisilo na mizani wala mkataba, huachwa likajiendea lenyewe usiku wa mwisho, katika chumba kilichojaa watu na makelele, na asubuhi yake msafiri huondoka akiwa hajasema neno moja la maana kwa mtu hata mmoja. Kijana huyo ndiye aliyeandikiwa nasaha hizi. Nia yangu ni kumwonyesha kwamba buriani njema ni kazi ya kulipa madeni, ya fedha na ya vitu, ya maneno na ya ahadi, na kwamba mwenye kuyalipa kwa wakati wake hatakuwa na haja ya kulia sana wala ya kuapa sana.

Anza na wakati. Katika vyuo vikuu vingi vya huko muhula wa majira ya baridi huhesabiwa toka Oktoba hadi mwisho wa Machi, na ule wa kiangazi toka Aprili hadi mwisho wa Septemba, na mgeni azionaye tarehe hizo katika kitambulisho chake cha uanafunzi hudhani kwamba ana wasaa mrefu. Kumbe masomo yenyewe hukoma Februari au Julai, na mara mitihani ikiisha wanafunzi hutawanyika, huyu kwa wazazi wake, huyu kwa kazi ya likizo, huyu kwa mazoezi ya kazi katika mji wa mbali, hata msafiri ambaye tiketi yake ni ya mwisho wa Machi hujikuta katika bweni lenye milango mingi iliyofungwa, ana siku tele za kuagana na hana wa kuagana naye. Basi usihesabu siku zako kwa tarehe ya ndege. Zihesabu kwa kipindi cha mwisho cha masomo, na yakibaki majuma sita kabla ya kipindi hicho, chukua karatasi uandike majina.

Yaandike yote, hata la mzee wa ghorofa ya chini aliyekuwa akikupokelea vifurushi vya posta ulipokuwa hupo, hata la mama wa duka la mikate aliyekivumilia Kijerumani chako cha siku za kwanza. Ukiisha kuyaandika utaona kwamba wapo wachache, pengine wanne au watano, ambao ukiondoka bila ya kukaa nao faraghani utajuta mwaka mzima. Na wapo wengi ambao mkono mmoja na neno la shukurani vyawatosha. Si dhambi kuwatofautisha. Kosa ni kuwapa wote buriani ya jumla katika ujumbe mmoja wa simu, kwani ujumbe ulioandikiwa watu themanini hapatikani hata mmoja anayeuhesabu kuwa wake.

Hao wachache waombe miadi mapema. Kwetu mtu humwendea sahibu yake, akapiga hodi, akakaribishwa, na likiwapo la kula akala. Wajerumani wengi hupanga siku zao kwa daftari, na rafiki yako aweza kukwambia kwa uso mkunjufu kabisa kwamba nafasi aliyo nayo ni Alhamisi ya juma la tatu. Usidhani amekuchoka. Akishaiandika siku hiyo atakuja, tena atafika kwa dakika iliyotajwa, nawe usimngojeshe, maana yeye huona kwamba kuchelewa ni kumpunguzia mwenzako umri wake. Na mkutanapo, mwombe mtembee. Matembezi ya Jumapili alasiri, kando ya mto au katika msitu ulio nje ya mji, ni desturi yao ya tangu na tangu, na mimi naona hakuna baraza bora kwa maneno mazito: wawili waendao bega kwa bega hawalazimiki kutazamana, na mtu mwenye haya, nao wako wengi kule kuliko wanavyosadiki wageni, husema akitembea mambo ambayo asingeyasema akiwa amekaa mezani.

Kabla ya maneno, lakini, yatangulie madeni ya vitu. Mgeni aliyeishi miezi sita huwa ameazima zaidi ya anavyokumbuka: koti la baridi aliloletewa na mwenzake mwezi wa Novemba, baiskeli, pasi, sufuria, kamusi, vitabu vya maktaba ambavyo visiporudishwa huzuia hati zake za masomo kutolewa. Rudisha kila kitu kikiwa safi, koti likiwa limefuliwa, baiskeli ikiwa na upepo. Kama mlikaa watu kadha katika nyumba ya kuchangia, kaeni siku moja mpige hesabu ya umeme, intaneti na vitu vya jikoni, na usiudhike wenzako wakihesabu mpaka senti. Kwao hesabu safi ni jambo la heshima baina ya marafiki, na mtu akikwambia kwamba anakudai yuro tatu na nusu hakutukani, bali ana hakika kwamba mwungwana kama wewe hupendi kuondoka na deni. Chupa tupu zilizorundikana nyuma ya mlango wako nazo ni fedha, maana za plastiki za kutumiwa mara moja na makopo hulipiwa senti 25 kila moja zirudishwapo dukani. Zipeleke, na zitakazopatikana zitie katika kibubu cha jikoni. Ni kidogo, lakini watakaobaki watakumbuka kwamba hukuwaachia taka zako.

Madeni ya ofisini nitayapita upesi, kwa kuwa kila chuo kina karani wa kuwaeleza wageni. Mtu anayehama nchi hutakiwa kuiarifu ofisi ya wakazi ya mji kwamba anaondoka, mapema kabisa juma moja kabla ya kuhama na mwisho kabisa majuma mawili baada ya kuhama, na hati atakayopewa huko ndiyo itakayomsaidia kukatiza bima ya afya, simu, na ada ya redio na televisheni ambayo hutozwa kila nyumba. Amana uliyoweka kwa mwenye nyumba aghalabu hairudi siku ya kuondoka. Hurudi baada ya majuma, wakati mwingine miezi, kwa njia ya benki, hivyo usiifunge akaunti yako kwa haraka ya kusafiri ukaja kumtaabisha rafiki kwa kumfanya mpokeaji wa fedha zako. Fanya haya yote kabla ya juma la mwisho, kwa sababu moja tu inayohusu somo letu: msafiri anayekimbizana na makarani hana moyo wa kuagana na mtu.

Vitu usivyoweza kubeba, maana mashirika mengi hupima begi moja kwa kilo 23 na vitabu vina uzito wa mawe, vigawe ukiwa bado una akili iliyotulia. Baiskeli na vyombo vya kupikia ni neema kwa mwanafunzi mgeni wa muhula ujao. Nguo nzuri huchukuliwa na maduka ya hisani. Na vikorokoro vingine huwekwa katika sanduku nje ya mlango pamoja na karatasi ya kuarifu kwamba vinatolewa bure, desturi iliyoenea katika miji mingi ya huko, ila usiviache vikanyeshewa mvua kwa siku tatu vikawa taka za jirani. Usimtwike rafiki yako taa iliyovunjika na godoro lililobonyea ukaita hiyo hidaya.

Hidaya ya kweli iwe ndogo, iwe ya kwenu, na iwe imechaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwenye busara hutoka nayo nyumbani akaificha chini ya sanduku lake mpaka mwisho: karafuu za Pemba, iliki, kahawa ya Kagera au ya Kilimanjaro, kikapu cha ukili kilichosukwa vizuri, au doti ya khanga. Khanga ina sharti lake. Jina lake lisome kabla ya kuinunua, kwa kuwa khanga nyingi zimebeba masuto na mafumbo ya wivu, na ijapokuwa mwenye kupewa hajui Kiswahili, siku moja atakutana na mtu ajuaye, naye atataka kufasiriwa. Usije ukampa mama mwenye nyumba wako, aliyekutendea ihsani ya miezi sita, nguo ya kumsuta mke mwenza. Mwandikie maana ya maneno yake katika kadi, mweleze kwamba vipande viwili hukatwa na kupindwa, na kwamba si lazima aitundike ukutani. Ukipenda kupeleka maua kwa aila iliyokualika nyumbani, desturi ya huko ni kuyatoa katika karatasi kabla ya kuyakabidhi, na watu wazima hupendelea idadi ya witiri. Mawaridi mekundu yaache, maana hayo ni lugha ya wapenzi.

Sasa tuje kwenye karamu, nayo ndiyo inayowapoteza vijana wetu kwa namna ya pekee. Kwetu anayeondoka huagwa: wanaobaki huchanga, hupika, huhutubu, na msafiri hukaa mbele akasifiwa. Kwao mwenye kuondoka ndiye mwenye kukirimu, kama vile mwenye siku ya kuzaliwa ndiye aletaye keki, na kijana wa kwetu asiyejua haya hungoja kimya kuandaliwa, wenzake nao wakangoja kimya kualikwa, na pande zote mbili zikaachana na kinyongo kisicho na sababu. Basi alika wewe. Alika majuma matatu mbele, taja saa ya kuanza, na uulize ni nani asiyekula nyama na ni nani asiyegusa hata maziwa na mayai, kwani katika kila kundi la wanafunzi wa huko watu hao wapo. Wali wa nazi na maharage utawafaa wote, na pilau ya nyama ikae pembeni kwa wanaoitaka. Bizari nzima, iliki, mdalasini na tui la makopo hupatikana katika maduka ya Waturuki na ya Waasia. Wageni watakuuliza walete nini. Usiwajibu kwa adabu ya kwetu kwamba waje wenyewe tu, maana watakuja wenyewe tu. Waambie mmoja alete kachumbari na mwingine vinywaji, nao watafurahi kuwa na sehemu yao katika kazi. Juu ya mlango wa chini wa jengo bandika karatasi ya kuwaomba majirani uvumilivu kwa usiku ule, na ikifika saa nne usiku punguza sauti ya muziki, kwani kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa utulivu, na buriani iliyomalizikia kwa askari polisi kugonga mlango si buriani ya kujivunia.

Ila karamu isihesabiwe kuwa ndiyo buriani. Karamu ni ya furaha, na mwenye kuwakirimu watu ishirini hana dakika ya kumsikiliza mmoja. Akipita na sinia toka huyu hadi huyu atasema maneno yale yale mara ishirini, na kesho hatakumbuka alimwambia nani nini. Wale wanne au watano uwe umekwisha kutembea nao kabla ya siku hiyo.

Na katika matembezi hayo useme nini? Hapa ada zetu zina hazina kubwa ambayo yataka kutumiwa kwa hadhari. Msafiri wa pwani haondoki bila ya kuomba radhi: nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Neno hili likitamkwa vivi hivi kwa Mjerumani humtia wasiwasi, akaanza kujiuliza umemfanyia kosa gani asilolijua, kisha akakujibu kwa haraka kwamba hukumkosea kitu, na mlango wa mazungumzo ukafungika hapo hapo. Lifanye liwe dogo na la dhahiri. Mwombe radhi kwa zamu zile mbili za usafi wa jikoni ulizozisahau, kwa simu za nyumbani ulizokuwa ukizipokea usiku wa manane kwa sauti ya kuvuka bahari, kwa siku ile ulipomwambia utakuja na hukuja. Kisha mshukuru kwa njia ile ile, kwa kulitaja tendo: kwamba siku ulipopotea stesheni alikuja kukuchukua katika theluji; kwamba alikuketisha na wazazi wake usiku wa mkesha wa Krismasi, usiku ambao kwao ni wa aila na si wa kila mtu. Wajerumani ni watu wasiopenda sifa za jumla. Ukimwambia mmoja wao kwamba yeye ni rafiki bora kuliko wote duniani atacheka kwa soni, lakini ukimtajia tendo moja na saa yake atanyamaza, na atakuwa amekuelewa.

Iwapo ulikuwa ukisali katika misikiti ya Waturuki, ambayo imeenea katika miji mingi ya Ujerumani, huko hutahitaji kufasiri kitu. Waturuki nao huhalalishana haki zao wanapoagana kwa safari, sawasawa na sisi, na wazee wa msikiti watakuombea dua baada ya sala ya Ijumaa iwapo utawaambia mapema; usiwapite kwa sababu tu hawakuwa wanafunzi wenzako. Wakristo vivyo hivyo wataikuta kahawa baada ya ibada ya Jumapili kuwa ndiyo mahali pake.

Walimu wana buriani yao. Mwendee profesa katika saa zake za kupokea wanafunzi, mshukuru kwa maneno machache, na kama utahitaji barua ya kukupendekeza kwa masomo ya mbele, mwombe wakati huo angali anaukumbuka uso wako, ukimwachia karatasi yenye jina lako, somo ulilosoma kwake na kazi uliyoiandika. Barua inayoombwa baada ya miaka miwili huandikwa kwa taabu, na huonekana. Hidaya usimpelekee kabla ya alama kutoka, na hata zikitoka isizidi kadi au pakiti ya kahawa, maana watumishi wa serikali wa huko, na walimu wengi wa vyuo vikuu wamo katika hesabu hiyo, wamewekewa mipaka mikali ya kupokea zawadi, nawe utamtia mtu mwema katika takalifu ya kukukatalia. Aliyekuwa katika mazoezi ya kazi, ofisini au hospitalini, siku yake ya mwisho apeleke keki. Jambo hilo wenyewe huliita Ausstand, na mwanagenzi anayeondoka bila ya kulifanya husameheka kwa kuwa mgeni, ila husemwa.

Nimesema kwamba ahadi nazo ni madeni, nami nitasimama hapa zaidi kidogo kuliko mahali pengine, kwa kuwa hapa ndipo marafiki wengi wanapoharibiana. Siku za kuagana ulimi huwa mwepesi. Utaambiwa, nawe utasema, kwamba mtaonana mwakani, kwamba nyumba yangu ni yako, kwamba tutaandikiana kila juma. Fikiri kwanza njia ziendazo huku na kule, kwa kuwa hazilingani. Rafiki yako wa Ujerumani akitaka kuja Tanzania hujaza fomu ya viza kwa intaneti, akalipa dola 50 za Marekani, akapanda ndege. Akitaka kwenda Kenya, tangu Januari 2024 huomba idhini ya safari kwa intaneti tu. Wewe ukitaka kumtembelea, ada ya viza ya Schengen, ambayo toka Juni 2024 ni yuro 90, ndiyo sehemu nyepesi. Mbele yako ipo miadi ya ubalozini, ipo bima, zipo hesabu za benki za miezi iliyopita, ipo haja ya kuthibitisha kwamba utarudi kwenu, na ada haitarudishwa ukinyimwa. Aghalabu rafiki yako hajui hata moja la haya, si kwa hiyana, bali pasi yake haijawahi kumfundisha. Mweleze kwa upole na bila ya kulalamika, ili mwakani usipoonekana asidhani umempuuza.

Jambo moja zaidi katika mlango huu. Ipo hati ya dhamana ambayo mwenyeji huitia sahihi katika ofisi ya serikali, akijifunga kwamba atabeba gharama zote za mgeni wake atakapokuwa Ujerumani, na ubalozi huweza kuitaka kwa mtu asiye na fedha za kujithibitisha. Usimwombe rafiki hati hiyo wakati wa kuagana, machozi yakiwa machoni. Ni dhima nzito yenye nguvu ya sheria, na anayeombwa katika saa ya simanzi hawezi kukataa bila ya kuonekana mkatili. Kama iko haja ya kweli, mwandikie baadaye, umpe nafasi ya kufikiri na ya kusema hapana.

Na wewe nawe, usiwaalike watu kumi kwa mama yako kabla ya kumuuliza mama yako. Wajerumani husadiki maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia mmoja wao aje wakati wowote, mwezi wa Agosti atakuandikia tarehe na namba ya ndege. Afadhali umwahidi kitu kimoja utakachokiweza: barua mbili kwa mwaka, au simu siku ya kuzaliwa kwake, ambayo usiitangulize hata kwa siku moja, maana huko kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe huhesabiwa kuwa ni kumwitia nuksi.

Waswahili wameujua mji wa Berlin kwa zaidi ya karne. Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa huko mwaka 1887, miongoni mwa waliokuja kufundisha Kiswahili walikuwamo watu wa pwani, Amur bin Nasur wa Unguja katika miaka ya mwanzo ya 1890, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alifariki Berlin mwaka 1927. Zama zao barua ilichukua majuma katika meli, na mtu aliyeagwa bandarini aliagwa kwelikweli. Siku hizi, kwa kuwa simu iko mfukoni, watu hudhani hakuna haja ya kuagana, nami naona mambo ni kinyume: aliyejua kwamba barua yake itafika baada ya mwezi aliiandika kwa makini, na awezaye kumfikia mwenzake saa yoyote humwahirisha hata akamsahau.

Kati ya marafiki zako watakuwapo pia wageni wenzako, Mbrazili, Mgeorgia, Muitalia, Mganda, ambao nao wanaondoka majuma yale yale, kila mmoja kwa upande wake. Kuagana na hawa kuna ugumu wake, kwa sababu Ujerumani itabaki mahali pake na marafiki wa huko utajua pa kuwapata, bali kundi lenu la jikoni halitakutana tena kwa ukamilifu wake. Kubalini hivyo. Pigeni picha moja mkiwa wote, andikianeni anwani za miji ya kwenu, na asilazimishwe mtu kudumu katika kundi la simu ambalo baada ya mwezi litakuwa la salamu za sikukuu tu. Watu wawili wa kundi hilo watabaki kuwa sahibu zako wa maisha. Huwezi kuwajua sasa ni wepi.

Wenye heri zaidi ni waliopata marafiki wanaojifunza Kiswahili, katika vyuo kama Bayreuth, Leipzig au Hamburg. Hao njia yao ya kuja iko wazi, kwa kuwa wengi wao huja Unguja kusoma lugha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na huko Bayreuth liko kongamano la Kiswahili la kila mwaka ambalo huweza kukurudisha wewe mwenyewe siku ukiwa na makala ya kusoma. Ahadi ya kuonana na mtu wa namna hii ina msingi, basi iseme bila ya woga.

Siku yenyewe ya safari iwe nyepesi. Waliobaki na maneno wayamalize jana yake. Mtu mmoja au wawili wanatosha kukusindikiza stesheni, nao wawe wenye mikono ya kubeba. Usiyategemee sana masimulizi ya kale kwamba gari moshi za Ujerumani hazichelewi. Huchelewa, tena sana, na mwenye ndege ya Frankfurt aondoke na treni iliyo mbele ya ile anayodhani yamtosha. Jukwaani pakia mizigo kwanza, kisha uteremke muagane, ukiangalia saa, kwani milango hufungwa bila ya kumngoja mwenye kukumbatiwa. Rafiki mpe kifua. Mzee, au mtu ambaye hadi leo mnaitana kwa jina la ukoo, mpe mkono na umtazame usoni. Ukilia, lia, hakuna atakayekucheka. Asiyelia naye usimpime kwa hilo.

Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, waarifu kwamba umefika salama. Watakuwa wanangoja, na huko kutoarifu ni utovu wa adabu. Baada ya mwezi mmoja, habari za mapokezi zikiisha na jamaa wamekwisha kuchoka kusikia ya Ujerumani, andika barua ya kweli, ya karatasi, kwa wale wachache. Wapelekee anwani yako ya sanduku la posta, ya wazazi au ya kazini, ukiwaeleza kwamba kwetu barua nyingi hazifikishwi mlangoni, maana wengine hutuma kadi kwa jina la mtaa na namba ya nyumba, nazo zikapotelea njiani. Waambie pia kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na kwa saa moja majira ya kiangazi, kwa kuwa husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, usije ukaamshwa usingizini kwa salamu njema.

Na mwaka ujao, chuo chako kitakapompeleka kijana mwingine katika mji ule ule, atakuja kukuuliza ni nani wa kumwendea. Mwandikie kwanza rafiki yako, umwombe idhini. Akikubali, ndipo umpe mgeni jina lake na anwani.